Nyumba Mpya Haisemwi

Siku yangu ya kwanza kiwandani nilimwamkia Fomeni, msimamizi wa banda letu, "shikamoo." Nilikuwa nimejizoeza salamu za Kizulu tangu nyumbani, mume wangu akinisahihisha huku akicheka, lakini nilipomwona yule mzee mwenye mvi ananijia na kikombe cha chai mkononi, ulimi ukarudi kwetu Morogoro bila kuniaga. Akanitazama, akafikiri kidogo, akanijibu, "Sharp," yaani poa. Kisha akanikabidhi kisu bapa cha kupakia puti, akanionyesha ukuta mrefu uliojaa matundu ya misumari, akaenda zake. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya mpaka nywele zangu nazo zikawa nyeupe.

Kiwanda chetu kilikuwa upande wa mashariki wa Johannesburg, mwendo mfupi kutoka Malvern ninakoishi hadi leo, nyuma ya Jules Street na kelele zake. Tulitengeneza nyumba. Wengi wenu mnajua nyumba hujengwa pale itakapokaa. Sisi tulizijenga ndani ya banda kubwa, tukazipakia kwenye trela zikiwa na madirisha, makabati na taa zake, tukazipeleka kwa mwenyewe. Ukuta wake ni paneli, yaani mabati mawili membamba yenye povu gumu katikati, kama mkate uliopakwa siagi, na kwa ndani hufunikwa ubao laini unaopakwa rangi. Wanunuzi wetu walikuwa shule zilizopungukiwa madarasa, wastaafu waliochoka kufagia nyumba kubwa, na familia zilizotaka kumwekea mama vyumba vyake uani.

Mume wangu alikuwa mmoja wa wale vijana waliokimbilia kwetu wakati wa mapambano. Alinioa Morogoro, na nchi yake ilipofunguka akarudi nami, mtoto wetu wa kwanza, Themba, akiwa mgongoni. Watu wa kwetu wakaniita Mama Themba. Kiwandani walilichukua jina langu la Mwajuma, wakaliondoa herufi moja, wakaligawa vipande viwili, wakapata Ma-Juma, wakaridhika. Watoto wangu wanakisikia Kiswahili vizuri sana, ila ukiwasemesha wanakujibu kwa Kizulu. Basi haya nawaandikia nyinyi mnaokisema bado, Watanzania, Wakongo, Warundi, ambao siku hizi nawaona wengi katika kazi za ujenzi mjini hapa. Nawaandikia pia nyinyi ambao siku moja mtanunua nyumba mpya, halafu mtasimama ndani yake mmeduwaa, hamjui mnaruhusiwa kusema nini.

Fomeni ndiye aliyenifundisha kutazama ukuta. Mnaweza kudhani hilo halifundishwi. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka aliponiambia niukague ukuta niliouziba mwenyewe, nikasema uko safi, naye akauegemeza mkono, akafumba macho, akaupapasa kutoka dirishani hadi mlangoni, na kila palipokuwa na uvimbe akagonga kwa ukucha. Aligonga mara nyingi. Sikukasirika, kwa sababu alikuwa akigonga huku akipiga mluzi, kana kwamba ukuta ulikuwa wa mtu mwingine na sote wawili tunamsikitikia.

"Ma-Juma," alisema, "usiusogelee kama unataka kuubusu. Wala usiutazame kutoka mlangoni kama mgeni asiyetaka kuvua viatu. Simama umbali wa mkono mmoja. Mchana. Taa zimezimwa."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu na sijawahi kusikia ikipingwa na mtu mwenye akili. Walikuwepo mafundi wenye wivu waliokwenda kukagua kazi ya mwenzao kwa tochi, wakailaza tochi kando ya ukuta ili mwanga upite juu juu. Ukimulika hivyo, kila ukuta duniani utauona una matuta kama shamba la viazi. Fomeni alimkuta mmoja na tochi yake, akamnyang'anya, akaiweka sambamba na shavu la yule fundi, akatuita wote tuje tuone.

Nyumba ina kasoro za aina mbili. Kuna za mifupa: paa linalovuja, sakafu inayobonyea, ukuta uliopinda. Na kuna za sura: mkwaruzo, rangi iliyochuruzika, mlango wa kabati ulioning'inia chini kuliko mwenzake, pengo jembamba pale paneli mbili zinapokutana, vinili ya sakafu iliyojikunja pembeni. Za sura sisi tuliziita snegi, neno la mafundi wa huku. Snegi haimuui mtu. Lakini mtu anayenunua kitu kipya amenunua na upya wake, na ndiyo maana nilitumia maisha yangu kugombana na wanaosema "ni sura tu."

Sasa, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba nyumba ya kiwandani husafiri. Inatoka kwetu ikiwa imenyooka, inapandishwa trela, inakutana na mashimo ya barabarani, dereva anafunga breki kwenye robot, yaani taa za barabarani, na ikishuka kule iendako imechoka kama abiria. Kona zinafunguka. Bawaba zinalegea. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta kwetu haikuwa methali, ilikuwa kazi ya kila Jumatatu. Kwa hiyo nyumba ilikaguliwa mara mbili, kiwandani na baada ya kushushwa, na ule ukaguzi wa pili ndio wa mnunuzi.

Miaka ya kuziba matundu ilipopita, nikapelekwa kwenye rangi, kisha kwenye makabati. Fomeni akastaafu, akaniachia kisu chake cha puti ambacho mpini wake ulikuwa umechimbika kwa kidole gumba chake. Nilikitumia mpaka mwisho, na kidole changu kikaingia palepale.

Aliyekuja kunitoa bandani alikuwa Meneja wa Ubora, binti mmoja kutoka Durban, mwembamba, mwenye maneno machache na viatu visivyoshika vumbi. Kabla yake, mkaguzi wa kampuni ndiye aliyezunguka nyumba ya mnunuzi na kuonyesha kasoro. Ikatokea vurugu. Wakaguzi wengine walionyesha chache ili warudi nyumbani mapema, wengine walionyesha nyingi ili kuwakomoa mafundi waliogombana nao. Meneja wa Ubora akaniita ofisini.

"Kuanzia sasa utakuwa mkaguzi wa makabidhiano," alisema. "Utampa mnunuzi mkanda wa bluu, ule wa wapaka rangi. Abandike mwenyewe kila anapoona kasoro. Wewe usibandike hata kipande kimoja. Mkanda ukiwepo, tunarekebisha bila maneno. Mkanda usipokuwepo, hakuna kasoro."

"Na kama mnunuzi haoni?"

"Mfundishe kutazama. Ila mkono uwe wake."

Niliona ni ukali wa kijana. Baadaye nilikuja kuubusu ukali ule, na mtaona kwa nini.

Mwisho wa ukaguzi mnunuzi husaini karatasi ambayo nchi hii wanaiita, naapa, barua ya furaha. Ukiisaini umesema umeipokea nyumba na umeridhika. Mimi si mwanasheria, lakini nilikaa nayo kazi hiyo muda mrefu, na nawaambia ninachokijua. Mnunuzi wa kitu kipya ana haki ya kupewa kitu kizima, na muuzaji akiambiwa kwa wakati ni juu yake kurekebisha. Wakati huo si mmoja kwa kila kasoro. Katika mkataba wetu mifupa ilipewa miaka, paa likapewa muda wa kati, na sura ikapewa muda mfupi kuliko zote. Sababu yake inaeleweka. Mkwaruzo hauna cheti cha kuzaliwa. Ukiingiza kabati lako la nguo leo, kesho nani atajua kilichokwaruza ukuta ni trela yetu au ni kabati lako? Ndiyo maana nyumba hukaguliwa ikiwa tupu, kabla hata ya kapeti, na ndiyo maana nilikuwa nikiwaambia wanunuzi: furahini kesho, leo tazameni.

Mkurugenzi wa Mauzo hakuyapenda maneno hayo. Alikuwa mtu mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na kila Krismasi aliwaletea watoto wetu peremende kwa mfuko mzima. Nilimpenda sana na nilibishana naye kila wiki.

"Ma-Juma, eish! Ni sura tu. Nyumba haianguki kwa mkwaruzo."

"Hata wewe Bosi huanguki kwa doa la mchuzi," nilimwambia siku moja, "lakini naona umebadilisha tai."

Akacheka mpaka akakohoa. Lakini mwezi ulipokaribia kwisha, na ofisi ikitaka barua za furaha ziingie, hakucheka.

Sasa niwaeleze habari ya Mama Neema. Kila mtu wa Afrika Mashariki au Kongo aliyeishi Malvern katika siku hizo amevaa nguo iliyopita mikononi mwake. Alikuwa fundi cherehani, mwenyeji wa Bukavu, na kibanda chake kilikuwa Jules Street, kati ya kinyozi na duka la simu. Alishona sare za kwaya, magauni ya harusi, suti za mazishi. Macho yalipoanza kufifia, binti yake Neema, aliyekuwa ameolewa Soweto, akazungumza na wakwe zake, na mkwe mkubwa, yule ambaye wote walimwita Gogo, yaani bibi, akasema mama aje akae uani kwao, mahali papo. Mama Neema akatoa akiba yake yote ya kushona, akanunua kwetu nyumba ya vyumba viwili. Baada ya hiyo hapakuwa na macho ya kushonea nyingine.

Dereva wetu alikuwa amenipigia simu jana yake kwamba kona ya kuingilia mtaa ule ilikuwa nyembamba, na trela ilipanda ukingo wa barabara kwa kishindo. Kwa hiyo nilikwenda Soweto nikitegemea snegi za kutosha. Nikakuta sherehe. Kwaya imevaa sare, pasta amekaa kwenye kiti chenye kitambaa, Gogo anakoroga sufuria uani pamoja na wanawake wa mtaa, na Neema anapita na soda. Maombi ya kuibariki nyumba yalikuwa yamekwisha kabla sijafika. Na nyumba haikuwa tupu. Fanicha hazikuwemo, lakini kuta zilikuwa zimetundikwa vitambaa, vile vyeupe vya kudarizi ambavyo mama zetu huweka kwenye makochi, vyenye maua na ndege pembezoni.

Nikampa Mama Neema mkanda wa bluu, nikamweleza kazi yake, nikakaa nje ili asione haya. Hakuchukua muda. Akatoka na mkanda umekaa vilevile nilivyompa.

"Mi naona iko muzuri, dada. Iko muzuri sana. Aksanti. Leta ile barua ya furaha nisaini, juu furaha niko nayo."

Nikaingia mimi. Hata sijasimama umbali wa mkono mmoja, nikashangaa. Karibu na mlango wa bafu kulikuwa na kitambaa kimetundikwa usawa wa goti. Nani anatundika kitambaa cha kudarizi usawa wa goti? Kingine kilikuwa juu kabisa kwenye kona, kinagusa dari. Kingine kilivishwa pembeni mwa kabati la jikoni, kidogo, chembamba, kama bandeji. Nikainua ncha ya kile cha chini kwa kidole. Nyuma yake palikuwa na mkwaruzo mrefu na bonde ndani yake.

Mkono ukanishika. Ulikuwa wa Mama Neema, na aliurudisha wangu chini polepole, kama unavyomzuia mtoto asifunue chakula cha wageni.

"Uliziona," nikamwambia.

"Niliziona yote. Mi ni fundi, nitakosa kuona namna gani?"

"Sasa mbona umezifunika?"

Akatazama mlangoni kwanza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, kwetu nyumba mupya haisemwe mubaya. Pasta alisha kuiombea. Bakwe ya mutoto wangu bako hapa, banipatia nafasi kwa uwanja yao, mi nitasimama mbele yabo nalia juu ya rangi? Na weye ni mutu wa luga yangu. Nikubandikie mikanda mbele ya batu, kama vile nakushitaki?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na vyote viwili vilinikwama. Alikuwa amekaa na sindano yake, na macho yale yaliyobaki kidogo, anashona vitambaa vya kunifichia aibu mimi. Nikamwonea huruma, halafu nikamkasirikia, halafu nikaanza kujikasirikia na mimi kwa kuajiriwa na watu wenye trela.

Simu ikalia. Mkurugenzi wa Mauzo.

"Amesaini?"

"Bado, Bosi. Kuna snegi."

"Amebandika mikanda?"

"Hajabandika."

"Basi hakuna snegi, si ndiyo sheria yenu? Mpe kalamu, Ma-Juma. Mteja ana furaha, wewe una huzuni ya nini?"

Na kwa sheria alikuwa na haki. Mama Neema angesaini. Kesho kitanda kingeingia, na meza, na cherehani yake ya zamani ya chuma, na kila bonde ukutani lingekuwa la cherehani ile. Angezeeka akipanga vitambaa. Mkono wangu ulikuwa unawasha kuuchukua ule mkanda na kubandika mwenyewe, lakini mkanda wa mkono wangu usingekuwa na thamani ofisini. Ulitakiwa mkono wake.

Nikamwomba tutoke. Tukasimama kwenye kamba ya kuanikia nguo, mbali kidogo na kwaya.

"Mama Neema, nikuulize jambo la kazi yako. Mteja amekuja kuchukua gauni. Amelivaa mbele ya kioo chako, ameona pindo limefumuka. Anakuheshimu, kwa hiyo hakusema. Amekushukuru, akaliweka mkobani, akaenda nalo harusini. Watu wote wameliona lile pindo. Nani ameaibika?"

"Mi," alisema bila kufikiri. "Batasema ni nani alishona hii?"

"Ungependa angekwambia?"

"Angeniambia palepale! Ni ya dakika moja, ningeirudilia."

"Basi hili gauni tumeshona sisi," nikasema, nikaonyesha nyumba. "Ukinyamaza, hujatuheshimu. Umetuacha twende harusini hivyo. Mficha uchi hazai, Mama Neema. Na huko ofisini yuko binti mkali ambaye hatanisikiliza mimi, atausikiliza mkono wako tu."

Akaitazama ile nyumba, si kama mtu aliyepewa zawadi, ila kama fundi anayetazama kazi ya fundi mwingine. Nilimwona akibadilika. Hata mabega yalikaa vingine.

"Lete ile mukanda," alisema.

Aliingia, akatundua kitambaa cha kwanza, akakikunja vizuri mara mbili, akakiweka begani, akabandika mkanda. Akaenda cha pili. Kwaya ikapunguza sauti. Gogo akaja mlangoni na mwiko mkononi kuona kuna nini, na Mama Neema aliposikia nyayo zake akasimama na mkanda umenyooka mikononi, hasogei. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Gogo akasema kitu kirefu kwa Kizulu. Mimi nilielewa, lakini nilimwacha Neema amtafsirie mama yake.

"Mama, Gogo anasema aliziona jana waliposhusha nyumba. Anasema alinyamaza juu aliona wewe unaipenda sana, hakutaka kukuvunja moyo. Anasema aliwakataza na watoto wote kusema."

Kumbe! Uwanja mzima ulikuwa umeona, na uwanja mzima ulikuwa ukifichana. Mama Neema akamtazama Gogo, Gogo akamtazama Mama Neema, na wale wazee wawili wasiokuwa na lugha moja wakaanza kucheka mpaka wakashikana. Kisha Gogo akamkabidhi mtu mwiko, akajifunga kitambaa chake cha kichwa upya, akapiga magoti akachungulia chini ya sinki. "Hayi bo! Na hapa!" alipaza sauti. Akanyoosha kidole, Mama Neema akabandika. Pasta naye akaja, akakohoa kwa heshima, akasema kwamba pale alipokuwa ameegemea wakati wa maombi alihisi kitu kinamchoma bega, labda waangalie. Walipomaliza, nyumba ilikuwa na bluu kila upande, na kwaya ilikuwa imeanza wimbo mwingine bila kuambiwa. Nikairudisha barua ya furaha mkobani bila sahihi, nikakaa nikala wali wa Gogo.

Ofisini hapakuwa na wali. Mkurugenzi wa Mauzo alipoona picha nilizopiga za ile mikanda alisimama.

"Umemfundisha mteja kulalamika!"

Meneja wa Ubora alikuwa amekaa, hakuinua hata kichwa. "Mikanda ameibandika nani?" aliniuliza.

"Mwenyewe. Kwa mkono wake."

"Hata mmoja hukubandika wewe?"

"Hata mmoja."

"Basi wapelekwe mafundi," alisema, akaendelea na kazi yake. Na Mkurugenzi, ambaye moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko hasira yake, akashusha pumzi akaniuliza hao wakwe wa Soweto wanapika nini.

Mafundi walikwenda. Kasoro zikaisha, paneli ya bafu ikabadilishwa nzima, kabati likanyooshwa. Siku ya kusaini Mkurugenzi alikuja mwenyewe, na tai mpya. Mama Neema hakuwa na haraka naye. Alizima taa, akasimama umbali wa mkono mmoja, akaenda ukuta kwa ukuta. Kwa kuwa macho hayakumtosha alifumba, akapapasa kwa kiganja, na mimi nikamkumbuka Fomeni. Alipofika mwisho akaomba kalamu. Vile vitambaa nilivikuta baadaye kwenye makochi, mahali pake.

Baada ya hapo niliwafundisha wakaguzi wengine, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nilimwambia jambo lile lile. Msimuulize mnunuzi wa watu wetu kama ana malalamiko. Atasema hana, hata ukuta ukimwangukia. Mwambieni awasaidie mafundi wasiaibike. Atawasaidia.

Nimestaafu sasa. Mume wangu alitangulia mbele ya haki kabla hajaniona nimekaa, naye ndiye aliyekuwa akinisihi nikae. Nikitazama nyuma sioni kwamba nilijenga kitu kikubwa. Niliziba matundu na niliwaomba watu waseme. Lakini napita Soweto, Malvern, hata kule Mayfair nikienda kuswali Ijumaa, na huwa naona madirisha ninayoyajua, na ndani yake najua hakuna mtu aliyenyamazishwa na furaha yake mwenyewe. Hilo linanitosha, na siku nyingine linanifanya nijisikie tajiri.

Wanangu na wenzangu wa kiwandani walinipangia jambo. Walininunulia chumba kutoka palepale kwetu, wakakiweka uani kwangu, ili nipate pa kukaa na jua la asubuhi. Wote walikuja: Themba na wadogo zake, mafundi wa rangi, Meneja wa Ubora ambaye sasa ana mvi zake, Mkurugenzi mzee na fimbo na mfuko wa peremende. Mama Neema aliletwa na mume wa Neema, akakalishwa kivulini na kifurushi mapajani. Lerato, mkaguzi niliyemfundisha mwenyewe, akanipa mkanda wa bluu mbele ya watu wote, na wote wakapiga makofi.

Nikaingia. Nikazima taa. Mlango wa kabati moja ulikuwa unaning'inia chini kuliko mwenzake. Niliuona kabla sijafika katikati ya chumba. Nikageuka, nikawaona wote mlangoni wananitazama na nyuso zile, Themba anafuta macho, Mkurugenzi anatabasamu kama mtoto. Na mimi, baada ya miaka yote ile, nikamrudishia Lerato mkanda wake.

"Kiko safi," nikasema. "Safi kabisa, wanangu. Asanteni."

Watu wakaingia na vinywaji. Mama Neema naye akaingia taratibu, mkono wake mmoja ukipapasa ukuta, ukapita kwenye makabati, ukasimama kidogo, ukaendelea. Akanipa kifurushi. Kilikuwa kitambaa cheupe cha kudarizi, ndege pembezoni, mishono mikubwa kuliko ya zamani kwa sababu ya macho, na kwangu hakuna kitambaa kizuri kuliko hicho. Nikakikunjua. Nikakipima kwa macho. Bila kufikiri, nikautazama ule mlango wa kabati.

Mama Neema akakichukua kutoka mikononi mwangu, akakitandika juu ya meza, akakinyoosha kwa kiganja.

"Iyi ni ya meza, dada," alisema. "Ya kufunika nilisha acha kushona."

Nikamwita Lerato anirudishie mkanda.